Mama Mkwe wa Zamu

Mimi nina mdomo, na sijawahi kulikataa hilo. Nilizaliwa katika nyumba za polisi Nsambya, chumba kimoja, watoto saba, baba sajenti, na katika chumba kile asiyepaza sauti hakupata chakula wala pa kulala. Ndiko nilikopata Kiswahili changu, na ndiko nilikopata sauti hii. Miaka ishirini na sita ya unesi haikuipunguza hata kidogo. Wanafunzi wa uuguzi wananiita Afande Alal nikiwapa kisogo, wanadhani sijui. Nayasema haya mapema ili tutakapofika pale sauti yangu ilipotaka kumuua mume wa mwanangu, asiwepo wa kusema nilificha.

Mume wa mwanangu anaitwa Uthman. Ni Muganda, Mwislamu wa Old Kampala, fundi wa simu katika duka aliloachiwa na marehemu baba yake, kijana wa miaka thelathini na minne asiyevuta sigara wala kunywa. Alimwoa binti yangu Atoo miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote sita mimi na yeye hatukuwahi kugusana hata kidole. Mtu asidhani tulikuwa na ugomvi. Ni heshima. Kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja wakatazamana usoni. Kwetu sisi Waacholi mambo ni karibu hayo hayo, kwa hiyo tulielewana bila kufundishana. Akija kwangu Makindye alikuwa anapiga magoti uani na kusalimu huku akitazama chini, nami naitikia nikiwa jikoni nyuma ya mlango. Atoo alikuwa akipeleka chai huku na huku, anacheka. "Nyinyi wawili mnapendana kwa mbali kweli," alisema. Na ni kweli, nilimpenda yule kijana. Kila Iddi aliniletea nyama, akaiacha mlangoni na kukimbia kama aliyeiba.

Ugonjwa ulianza na mafua. Wiki moja ya mafua ya kawaida, chai ya tangawizi na vidonge vya dukani. Halafu akaanza kuhema akipanda ngazi, miguu ikavimba, na Jumanne asubuhi akaanguka juu ya meza yake ya kazi, bisibisi mkononi. Walimleta hospitali ninayofanyia kazi. Sitaitaja jina, kwa sababu haya ni mambo ya nyumba yangu na wao hawana kosa.

Daktari wetu wa moyo ni Dokta Ogwal, mtu wa kabila la Lango, mrefu, maneno machache. Alituita watatu kwenye kiofisi chake: mimi, Atoo, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane, na Zuleika, mama yake Uthman. Alisema virusi vya yale mafua vimeshuka hadi kwenye misuli ya moyo. Moyo umevimba na umechoka, hausukumi damu. Dawa za kupandisha presha amempa zote, na presha bado inashuka.

"Kuna pampu," akasema. "Tunazo mbili tu humu ndani. Nataka kumwekea moja sasa hivi."

Hiyo pampu ni kitu kidogo, unene wake kama kalamu. Inapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa kinena, inapandishwa kwa mrija mpaka ndani ya moyo wenyewe, na huko inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, inavuta damu kutoka moyoni na kuimwaga kwenye mshipa wa kwenda mwilini. Nje kuna mashine yenye skrini inayoiongoza. Ogwal alimweleza Zuleika taratibu kwamba pampu haitibu. Inaubebea moyo mzigo wake siku nne, tano, ili upumzike. Ukipumzika vizuri, utajibeba wenyewe tena.

"Na usipopumzika?" Zuleika akauliza.

"Tuombe Mungu," akasema Ogwal, na mimi nikamvutia mwanangu kiti, nikamkalisha.

Pampu iliwekwa Jumanne saa sita mchana. Sasa sikilizeni shida ilipo. Katika hospitali nzima, wanaoijua mashine ile ni watu watatu. Ogwal mwenyewe, na manesi wawili tuliopelekwa Nairobi kufundishwa: mwenzangu mmoja, na mimi. Mwenzangu alikaa nayo kuanzia ilipowekwa hadi Jumatano saa mbili asubuhi, akatoka macho mekundu, hasimami sawasawa. Kanuni inasema nesi hamhudumii ndugu yake. Nilimkumbusha msimamizi wetu. Akaniambia, "Kanuni naijua, Alal. Niletee mtu mwingine." Hakukuwa na mtu mwingine.

Zuleika alinisubiri nje ya chumba cha mahututi, baibui jeusi, tasbihi mkononi. Zuleika na mimi huongea Kiswahili kwa sababu Kiganda changu kinamchekesha na Kiacholi yeye hajui neno. Siku hiyo hakucheka.

"Alal, ni wewe utakayemfunua mwanangu?"

"Hakuna mwingine, Zuleika."

"Yuko uchi mle! Amefunikwa shuka tu! Unajua kwetu mkwe na mama mkwe wakigusana wanashikwa na nini? Mikono inatetemeka mpaka wanaingia kaburini. Nimemwona mtu kwa macho yangu." Kisha akashusha sauti. "Na akijua ni wewe atakufa kwa aibu kabla ya moyo kumuua."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikameza. Ukweli ni kwamba hata mimi nililiogopa jambo hilo hilo. Basi tukapanga. Pazia litavutwa kukata kitanda miguuni. Mashine itakaa upande wangu, nje ya pazia, na mimi nitaitazama mashine tu. Ndani ya pazia atakuwa Bibiane, nesi wetu Mkongomani, mpole, mwimbaji wa kwaya, ambaye hajui mashine lakini anajua kumtunza mtu. Yeye atamfunua, atamsafisha, atatazama kidonda cha kinena. Mimi sitasema neno. Nikitaka kitu nitainua pazia kwa chini na kumwonyesha kwa vidole. Uthman hataambiwa kama niko.

Ndivyo tulivyofanya. Kazi ya kijinga, nakubali, lakini ilikwenda.

Uthman hakuwa amelazwa usingizi mzito. Alikuwa anapewa dawa ya kumtuliza tu, anaamka, anasinzia. Jambo moja aliambiwa tena na tena: mguu wa kulia usikunjwe, na asijaribu kuketi. Mrija unapita pale pale kinenani. Ukikunja mguu, unausukuma. Bibiane alimkumbusha kila nusu saa, "Mguu unyooke, kaka, tafadhali," naye anajibu, "Ndiyo, sista," kwa sauti ya mtoto mgonjwa. Ile sauti ilinichoma. Miaka sita nilikuwa naisikia kutoka uani, ina nguvu, ina mzaha, na sasa ilikuwa inatoka hatua mbili kutoka kwangu na haina pumzi.

Nilikaa. Nikatazama skrini. Kuna mstari mwekundu unaopanda na kushuka, na ukiujua unaweza kuusoma: pampu iko mahali pake, au imetoka, au imezama. Nilikuwa naogopa kupepesa macho. Nilikuwa naogopa kwenda chooni. Atoo tulikuwa tumemrudisha Makindye alale, kwa mimba ile, lakini halali, ananitumia ujumbe kila dakika kumi. *Mama vipi. Mama amekula. Mama usimwondolee macho.* Nilimjibu kila mara neno moja, mzima, na kila nilipoliandika niliogopa nimelisema mapema.

Saa saba mchana Ogwal alikwenda kwake kuoga na kubadili nguo. Alikuwa na saa thelathini na kitu bila kulala. Alimwacha Dokta Blaise, daktari kijana aliyesomea Bukavu, hodari wa ile mashine ya kupiga picha ya moyo lakini pampu hajawahi kuishika. "Narudi saa tisa," Ogwal akaniambia. Dakika kumi baadaye mvua ikashuka, ile mvua ya Kampala isiyokuuliza, na nikajua saa tisa haitakuwa saa tisa.

Saa nane ni wakati wa kuona wagonjwa. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja, na mwanawe alikuja kumwona, mchungaji wa kanisa, suti ya kijivu, simu tatu. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiinama ukutani. Sikumtilia maanani. Kisha mashine yangu ikalia mlio mmoja na kuandika kwamba sasa inatumia betri.

Nikageuka. Mchungaji alikuwa ameshika waya wa pampu mkono mmoja, na mkono mwingine anachomeka chaja ya simu.

Sasa, betri ile inakaa karibu saa nzima. Hakukuwa na hatari yoyote. Ningeweza kumgusa bega, nikachukua waya, nikaurudisha, nikamwambia kwa upole, mchungaji, hapa hatuchaji simu. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimekaa na hofu kifuani imebanwa na mdomo umefungwa, na mimi kufunga mdomo sikuzaliwa nako.

"Wewe! Wewe mwanamume wewe! Umechomoa nini hapo? Unataka kuua mtu kwa ajili ya simu? Mpumbavu mkubwa! Ondoa mkono wako kabla sijauvunja!"

Chumba kizima kikatugeukia. Mchungaji akabaki mdomo wazi, waya unaning'inia. Na nyuma ya pazia nikasikia sauti ndogo.

"Maama?"

Mungu wangu. Bibiane alikuwa amekwenda kabatini kuchukua pamba, hatua nne tu. Kitanda kikalia. Nilijua anachofanya kabla sijaona, kwa sababu ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo: amemsikia mama mkwe wake, yuko uchi, shuka limeteleza, na kijana aliyelelewa vizuri halali chali mbele ya mama mkwe. Alikuwa anainuka. Alikuwa anakunja mguu.

Mashine ikapiga kelele. Si ule mlio wa betri. Ule mwingine.

Nilirarua lile pazia. Uthman alikuwa ameketi nusu, goti la kulia limepanda, mikono yote miwili imekumbatia shuka tumboni, na doa jekundu linapanuka chini ya shuka. Tukatazamana. Miaka sita, na mara ya kwanza kumtazama yule kijana machoni ilikuwa ile. Macho yalikuwa yamejaa hofu na aibu pamoja, na mimi ndiye niliyeyatia vyote viwili.

"Lala!" nikasema. "Lala chini, baba, lala!"

Bibiane alikuwa amefika. Akamlaza, akanyoosha mguu, akabana kinena kwa kiganja kupitia shuka. Nikapunguza mwendo wa pampu hadi kiwango cha mbili, kama nilivyofundishwa, ili isiendelee kunyonya mahali pasipo pake. Lakini ukiipunguza, moyo unabaki na mzigo wake wenyewe, na moyo wa Uthman haukuwa na uwezo huo. Presha ikaanza kushuka machoni petu. Themanini. Sabini na nne.

Blaise alikuja mbio na mashine ya picha. Nikampigia Ogwal, nikaweka simu juu ya kitanda kwa sauti kubwa. Ikasikika mvua, honi, na watu wakigombana.

"Amekunja mguu," nikasema. "Ni kosa langu. Mstari umebadilika kabisa."

"Kosa baadaye. Blaise, unaona nini?"

Blaise alikuwa amebandika kile kidude kifuani kwa Uthman, jasho linamdondoka. "Imezama, Dokta. Imeingia sentimita sita na nusu. Inagusa ukuta wa moyo."

"Inatakiwa tatu na nusu. Alal, sikiliza. Utairudisha wewe. Legeza ile pete inayobana mrija kinenani, vuta mrija polepole, Blaise anakuhesabia. Akisema tatu na nusu, kaza. Usizidi. Ukizidi inatoka nje ya moyo, na ikitoka hutaweza kuirudisha."

"Wewe uko wapi?"

"Katwe. Barabara ni mto. Nimeshuka kwenye gari, natafuta boda. Nipe dakika ishirini."

Nikatazama skrini. Sitini na nane. "Hana dakika ishirini," nikasema, na nilijuta kulisema, kwa sababu alisikia.

Nikavaa glavu. Nikasogea hadi ubavuni mwa kitanda, nikashika ukingo wa shuka. Uthman akalishika kwa ngumi mbili.

"Maama, nedda, hapana. Si wewe. Nakuomba."

"Uthman, niachie."

"Sista Bibiane afanye."

"Bibiane hajui. Na akiondoa mkono pale damu itamwagika."

"Daktari, basi."

"Daktari amekamata picha, kaka," Blaise akasema. "Nikiiachilia, hatuoni kitu."

"Si wewe, Maama." Machozi yalikuwa yanamtoka kuelekea masikioni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. "Nitamwangaliaje Atoo?"

Ningeweza kuvuta lile shuka kwa nguvu. Hakuwa na nguvu za kunizuia. Lakini wallahi, na mimi si Mwislamu, mikono yangu haikukubali. Mtu mzima ananiambia hapana, machoni, na mtu huyo ni mkwe wangu. Na nikimwacha, nitampigia Atoo nimwambie nini? Kwamba tulikuwa tunaheshimiana?

Sitini na mbili.

Nikageuza kichwa. Zuleika alikuwa mlangoni, nyuma ya kioo, viganja viwili vimebandikwa juu yake. Kelele zangu zilikuwa zimemleta. Aliona yote: mwanawe, damu, glavu zangu, ngumi zake juu ya shuka. Nilimtazama tu, na nadhani uso wangu uliomba.

Akasukuma mlango kidogo, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akapiga ukelele:

"Uthman! Fumba macho!"

Halafu yeye mwenyewe akageuka, akakipa kile kioo mgongo, mrefu, mweusi, hatazami.

Uthman akafumba macho. Ngumi zikafunguka.

Nikafunua. Bibiane akasogeza kidole kimoja ili nione pete. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nitasema kweli, kwa sekunde moja nilidhani ni lile jambo la Zuleika limeanza papo hapo. Nikabana viwiko mbavuni. Nikalegeza pete. Mrija ulikuwa unateleza kwa damu, alama zake za sentimita sizioni vizuri.

"Vuta, mama," Blaise akasema. "Pole. Sita. Tena. Tano na nusu."

"Presha?" Ogwal akauliza kutoka simuni, na nyuma yake mtu anapiga kelele za bei ya boda.

"Hamsini na nane," nikasema.

"Endelea."

"Tano. Nne na nusu. Pole, pole! Nne."

Mrija ukakwama. Nilivuta kidogo, haukuja. Nikaogopa kuvuta zaidi, kwa sababu kitu kilichokwama kikiachia ghafla kinaachia chote. Nilisikia mdomo wangu unasema kitu, na baadaye Bibiane aliniambia nilikuwa namwita mama yangu, aliyekufa zamani. Nikageuza mrija kiasi cha unywele. Ukaachia.

"Tatu na nusu! Kaza! Kaza, mama!"

Nikakaza. Nikainyoosha shingo kutazama skrini, kwa sababu mikono ilikuwa bado pale na sikuthubutu kuitoa. Mstari ulikuwa umelala. Halafu ukainuka. Ukashuka, ukainuka tena, mrefu kidogo.

"Nipandishie mwendo, Blaise, kile kitufe cha kulia. Tatu. Nne. Taratibu. Tano."

Sitini na sita. Sabini na tano. Themanini na tatu. Rangi ilirudi kwenye midomo yake polepole, na alikuwa bado amefumba macho, amebana kope, utiifu wa mtoto anayesubiri sindano.

Ogwal aliingia saa tisa na robo, suruali imelowa hadi magotini, viatu mkononi. Hakunisalimu. Akatazama kinena, akatazama picha, akatazama mstari. "Tatu na nusu," akasema, akakaa kwenye kiti kwa kishindo.

Nikamwambia yote, waya, mchungaji, kelele. Akaniambia niandike kwenye faili kama ilivyokuwa. Nikaandika: *Nesi wa zamu alipaza sauti kwa hasira. Mgonjwa alishtuka, akaketi.* Nikatia saini. Akaongeza kwamba amempigia mwenzangu, atafika saa kumi na mbili, na kwamba kuanzia sasa mimi nitoke mle, Blaise na yeye watakaa. Sikubisha. Nitawaficha nini? Nilifurahi. Nilitaka kukimbia hadi Makindye nikajifungie.

Kwenye korido Zuleika akapiga magoti. Mwanamke aliyenizidi miaka kumi, baibui kwenye sakafu iliyolowa, mbele ya watu.

"Inuka, Zuleika. Usinishukuru. Ni sauti yangu iliyomwamsha."

"Nilisikia," akasema. "Hata muadhini amesikia." Hakuinuka. "Angekufa, ningekuchukia mpaka siku ya mwisho, Alal. Nataka ulijue hilo. Sasa nakushukuru, na hilo nalo ulijue."

Nikamwinua. Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu Bibiane alipotoka.

"Mama Alal, anakuita."

"Mwambie nimekwenda nyumbani."

"Nimemwambia. Anasema anasikia viatu vyako."

Nikamtazama Zuleika. Akatazama ukutani. Nikaingia.

Uthman alikuwa amelala kama alivyoamriwa, mguu umenyooka, shuka hadi kidevuni, macho kwenye dari. Nilisimama mbali.

"Maama."

"Ee."

"Ile mashine ikisimama, nakufa?"

Siku nzima tulikuwa tumepanga mapazia na vidole, na hakuna aliyekuwa amemwambia. "Ikisimama sasa hivi," nikasema, "naona ndiyo."

Akaisikiliza. Mashine ilikuwa inavuma kidogo pale miguuni mwake.

"Uthman, ni mimi niliyekushtua. Nilishindwa kuuzuia mdomo wangu. Nusura nikuue."

"Najua," akasema. "Wakigusa tena ule waya, piga kelele. Piga zaidi ya zile. Sitainuka."

Halafu uso wote ukamkunjika, kijana wa watu, akaanza kulia bila sauti, akijitahidi kifua kisitikisike. "Naogopa, Maama. Hawa wengine hawaijui. Usitoke."

Alitoa mkono chini ya shuka, akauweka juu, kiganja wazi. Sikutazama mlangoni kama kuna anayeona. Nikavuta kiti, nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na sugu za bisibisi.

"Na mimi naogopa, mwanangu," nikamwambia.

Tukakaa hivyo, yeye akitazama dari na mimi nikitazama mstari, hadi mwenzangu alipofika saa kumi na mbili, na hata hapo sikutoka.